Huruma kwa Kibaba

Wazee wa pwani walituachia methali isemayo kwamba mchezea mbwa humfuata msikitini, na muradi wao katika kuisema haukuwa kumtukana mbwa, bali kumwonya mwanadamu asiyejua mipaka. Kwani mbwa huenda anakopelekwa na mazoea, na aliyempa mazoea hayo ni mtu. Niliikumbuka methali hiyo asubuhi moja, katika kitongoji kilicho nje kidogo ya mji wa Tanga, nilipomkuta mbwa jike amefungwa kwa kamba ya katani kwenye shina la mwembe, nyuma ya nyumba ambayo wapangaji wake walikuwa wamehama wiki kadhaa kabla. Mbavu zake zilihesabika kwa mbali kama fito za nyumba isiyokandikwa. Kamba ilikuwa imemla shingo hata ikazama katika nyama. Na mbele yake palikuwa na sufuria kavu aliyokuwa ameilamba hata ikang'aa. Alikuwa hai kwa fadhili ya mtoto mmoja wa jirani, aliyemtupia ukoko wa ugali na kumtilia maji kila alipokumbuka.

Hamu iliyonishika ilikuwa kukimbia nyumbani nimletee sinia la wali na mchuzi, ale ashibe, alale, ayasahau yaliyompata. Lau ningalifanya hivyo, yamkini ningalimwua kwa mkono uleule nilionuia kumwokolea. Tangu siku hiyo nimeyakinika kwamba huruma isiyo na kiasi ni jirani wa karibu wa ukatili, na kwamba mbwa aliyetelekezwa ana haja ya mambo manne, yaani chakula, dawa, imani na maskani, ila kila moja kati ya hayo sharti apewe kwa kibaba, kile kipimo cha nafaka cha wazee wetu, wala asimwagiwe gunia. Hilo ndilo neno langu lote katika makala haya. Yanayofuata ni maelezo ya namna ya kulitenda.

Kabla hujanyosha mkono, simama umtazame. Kichaa cha mbwa ni maradhi ambayo, dalili zake zikisha kudhihiri katika mwili wa mtu, hayana tiba ya kutegemewa, na takriban watu wote wanaokufa kwayo ulimwenguni huwa wameyapata kwa mbwa. Basi ukiona mnyama anapepesuka, anadondoka mate, sauti yake imebadilika, au anauma kijiti na jiwe pasipo sababu, usimkaribie abadani, bali wapelekee habari watu wa ofisi ya mifugo. Na ikitokea umeumwa au umeparuzwa na mbwa usiyejua habari zake, au amekulamba penye jeraha, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 kamili, usitie majivu wala pilipili wala ugoro, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukapate sindano. Mbwa mwenyewe, kama yawezekana bila hatari, afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10 badala ya kuuawa papo hapo. Maana akibaki mzima siku hizo zote, hiyo ni ithibati kwamba alipouma hakuwa na sumu ya maradhi hayo katika mate yake.

Nilipokwisha kuridhika kwamba mbwa yule alikuwa dhaifu tu wala si mgonjwa wa kichaa, sikumfungua. Nilikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa nikamweleza, ili nisije nikaitwa mwizi wa mali ya watu, naye akaja na mashahidi wawili wakaona. Hatua hii usiidharau, kwani Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina sheria yake ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na kwa sheria hizo kumwacha mnyama afe kwa njaa ni kosa, si shauri la nyumbani kwa mtu. Baadaye tuliikata kamba upande wa mti, wala hatukugusa ile iliyozama shingoni. Kamba iliyoingia katika nyama huondolewa na tabibu, kwa ganzi na usafi, na anayeichomoa kwa nguvu huchomoa na ngozi na damu. Mnyama tulimtia katika tenga tumpeleke kwa bwana mifugo, na dereva wa bajaji, aliyekuwa amekataa katakata, alikubali alipoona tumemtandikia turubai chini na ubavuni.

Simlaumu dereva yule. Sisi tulio wengi katika mwambao huu ni watu wa madhehebu ya Shafii, na mate ya mbwa kwetu ni najisi nzito, chombo alicholamba huoshwa mara saba, na moja katika hizo ni kwa udongo. Walakini najisi si laana, na mwenye kuijua hukumu yake hana haja ya kumtesa mnyama ili aipate tohara yake. Mbwa wa kulinda mifugo na mazao ameruhusiwa. Awe na banda lake nje, chombo chake, na mtu avae nguo ya kazi anapomhudumia, hapo ibada na huruma zitakaa nyumba moja bila ya kugombana. Hadithi ya Mtume ya yule mtu aliyeteremka kisimani akateka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, naye Mola akamsamehe dhambi zake, twaijua sote tangu chuoni. Mimi huongeza kwa kutazama kile kiatu. Mtu yule hakummwagia mbwa mtungi. Alimpa kadiri kiatu kilivyochukua.

Bwana mifugo, kijana mwenye umri wa kuwa mwanangu, alimpima uzito, akamtazama ufizi uliokuwa mweupe kama chokaa, akaitoa kamba na kulisafisha jeraha, ndipo akanigeukia. "Mzee," akasema, "ukimshibisha leo, kesho utanitafuta tukachimbe kaburi." Nikamwuliza, "Basi nimpe nini, mwanangu?" Akanijibu, "Haba na haba, mzee wangu." Nami kwa kuwa wazee wetu walipenda kumpa mbwa jina lenye ujumbe ili kila amwitaye ajisemeze mwenyewe, nikamwita mnyama yule Haba.

Sababu ya onyo lile ifahamike vyema, kwa kuwa hapa ndipo watu wema wengi hukosea. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu hujila wenyewe, ukatumia mafuta na nyama yake, na akiba yake ya madini kama fosforasi, potasiamu na magnesi ikapungua. Chakula kingi kikiingia kwa ghafla, hasa cha wanga kama ugali na wali, mwili huyavuta katika seli madini machache yaliyobaki katika damu ili ukitumie chakula hicho, na damu ikisha kupungukiwa, moyo hulegea, pumzi hukatika, na mnyama aliyeonekana jana akila kwa furaha huokotwa asubuhi amekufa. Kwa hiyo matabibu huanza na hesabu. Huchukua uzito wa mbwa kwa kilo, huuzidisha kwa 30, wakaongeza 70, na jumla yake ndiyo kalori zinazomtosha mnyama aliyetulia kwa kutwa. Haba alikuwa na kilo 10, hesabu yake ikawa kalori 370. Siku ya kwanza akapewa robo yake, ya pili nusu, ya tatu robo tatu, na ya nne ndipo akaupata ukamilifu. Yuko mbwa ambaye tabibu atasema aende taratibu kuliko hivyo, hata siku 10, na neno la tabibu ndilo la kufuata.

Robo ile ya kwanza, msomaji wangu, ni yai moja la kuku na kipande kidogo cha samaki kwa kutwa nzima, tena kikigawanywa mara nne au sita. Nilikuwa na kikombe cha bati kidogo nilichokifanya kipimo, na kila nilipokijaza nusu nikampelekea, macho ya mnyama yule yalinisuta kama bahili. Stahimili macho hayo. Mpe vyakula vyenye nyama na mafuta zaidi kuliko wanga: yai lililochemshwa, samaki aliyetolewa miiba, kuku asiye na mifupa, au dagaa waliooshwa chumvi na mchanga wakachemshwa. Maji safi yawepo, ila mwanzoni atiliwe machache machache, maana mwenye kiu ya siku nyingi hunywa hata akatapika. Maziwa ya ng'ombe humharisha. Vitunguu, saumu, zabibu na chokoleti ni sumu kwake. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vikali vikamtoboa tumbo. Na vidonge vya maumivu vya binadamu visimkaribie kamwe. Kila wiki mpime uzito, na kama huna mizani ya mifugo, panda katika mizani ya kawaida ukiwa umempakata, kisha panda peke yako, ukatoe hesabu. Haba alifika kilo 15 katika wiki ya tisa, na sikumbuki mshahara wowote ulionifurahisha kuliko nambari ile.

Habari za ngozi na minyoo nitazipitia kwa haraka, kwa kuwa kazi yake kubwa ni ya tabibu na yako ni utii. Ufizi mweupe huonyesha upungufu wa damu, na wanyonya damu katika nchi zetu ni minyoo ya safura ndani, na kupe na viroboto nje. Tena kupe huleta homa zao wenyewe. Kupe ang'olewe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, bila kumchoma moto wala kumpaka mafuta. Upele unaomnyonyoa mbwa ukingo wa masikio na viwiko humwambukiza hata mtu, na dawa yake hupimwa kwa uzito. Wako watu waliowaua mbwa wao kwa kuwaogesha dawa ya kupulizia mimea shambani, wakidhani kali ndiyo bora. Hali kadhalika dawa ya minyoo na chanjo zisilundikwe siku moja juu ya mwili uliochoka. Tabibu atapanga ipi itangulie. Chanjo ya kichaa hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka, na cheti chake ukitunze, maana ni sehemu ya mahari atakayokwenda nayo kwenye nyumba mpya.

Mwili hupona kwa wiki. Moyo una kalenda yake. Wenye uzoefu wa kuwaokoa mbwa husema siku 3 za hofu, wiki 3 za kujifunza kawaida ya nyumba, na miezi 3 ya kujihisi yuko kwake, na ingawa hesabu hiyo si sheria, hukusaidia usidai siku ya nne matunda ya mwezi wa nne. Siku za mwanzo Haba hakutoka pembeni mwa banda ila usiku. Sikumfuata. Niliweka kigoda hatua chache kutoka kwake, nikakaa ubavu nimempa, nikasoma gazeti, na kila baada ya muda nikadondosha kipande cha dagaa bila kumtazama. Kwani kwa mbwa mwenye hofu, macho makavu ni vita, na mkono ushukao juu ya kichwa ni fimbo. Akipiga miayo bila usingizi, akilamba midomo bila chakula, akigeuza uso, au ukiona weupe wa jicho lake, anakuomba urudi nyuma. Rudi, naye atajua kwamba ombi lake lina uzito. Chakula kilikuja saa zilezile, kwa kikombe kilekile, kwa sauti ileile. Siku ya tisa alikuja akanusa kiatu changu, akarudi zake. Sikumgusa siku hiyo, wala ya pili yake. Nilipomgusa ilikuwa kifuani, kwa kitambo cha kuhesabu tatu, nikaondoa mkono ili yeye ndiye aseme kama ataka tena.

Siku moja mjukuu wangu alipita karibu na sahani ya Haba, mbwa akanguruma, mtoto akaokota fimbo. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, weka chini. Huyo anasema, siku atakaponyamaza ndipo umwogope." Mbwa aliyepigwa kwa ajili ya kunguruma haachi ghadhabu, huacha onyo tu, na baadaye huuma bila taarifa. Tuliliponya jambo hilo kwa kupita mbali na sahani yake na kumtupia kipande kitamu kuliko alichokuwa akila, siku baada ya siku, tukisogea kwa hatua moja moja, hata akawa anainua kichwa kwa tamaa kila aonapo mtu anakuja. Hata hivyo, mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, yeyote awaye.

Kamba ndiyo ilikuwa mtihani mkubwa. Kuiona tu, hata mikononi mwa mtu mwingine, hata ya kuanikia nguo, kulimfanya ajikojolee. Tukachukua kipande cha kamba laini ya pamba tukakilaza hatua kumi kutoka sahani yake, akala huku akikitazama. Kila alipokula kwa utulivu siku mbili mfululizo, tukakisogeza nusu hatua, na alipotetemeka tukakirudisha nyuma bila neno. Wiki nyingi zilipita kabla kamba haijalala ubavuni mwa sahani. Hapo mke wangu akamshonea ukanda wa shingoni kwa kanga iliyochakaa, mpana kiasi cha vidole vitatu, usiokwaruza kovu, na akauvaa kwanza kwa muda wa kula tu. Mtu mwenye haraka angalimfunga siku ya kwanza akasema atazoea. Naam, angalizoea, kama alivyozoea kule mwembeni.

Sasa nifike kwenye kibaba kilicho kigumu kuliko vyote, nacho ni kibaba cha mapenzi. Wengi huokoa, wachache hujua kukabidhi. Nyumba yangu ni ya mjini, ndogo, yenye majirani ukuta kwa ukuta, nami umri umekwisha kunipita. Tangu mwanzo nilijua kwamba Haba kwangu ni amana, na amana haigeuzwi mali kwa sababu mtu ameipenda. Tena anayeshindwa kuachilia hujaza nyumba, na siku atakapomkuta mwingine mtini, hatakuwa na pa kumweka. Mwaka 1860 mama mmoja wa London, Mary Tealby, alifungua katika mtaa wa Holloway nyumba ya mbwa waliopotea na wenye njaa, watu wakamcheka. Nyumba hiyo ilihamia Battersea mwaka 1871 na ipo hata leo. Imeishi kwa sababu mlango wake una pande mbili, wa kuingilia na wa kutokea.

Kabla ya kumtangaza, nilimpeleka Haba afungwe uzazi. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, na jike mmoja aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Kumkabidhi asiyefungwa uzazi ni kumwokoa mmoja na kuandaa mwembe kwa sita. Kisha nikaandika orodha ya maswali: nani atamlisha, saa ngapi, na mkisafiri nani, atalala wapi wakati wa masika, pana uzio au mnyororo, mwenye nyumba, kama mmepanga, ameridhia, watoto wana umri gani, na mtafanyaje akiugua. Majibu uyasikilize, kisha uende ukaione nyumba kwa macho yako, maana ulimi hujenga uzio haraka kuliko fundi. Aibu zake usizifiche hata moja. Ukisema hana woga ili achukuliwe, atarudishwa, na kila kurudishwa ni kidonda juu ya kidonda.

Bwana wa kwanza aliyekuja alitaka mbwa mkali, afungwe mchana ili usiku awe na hasira; nikamshukuru kwa kuja. Wa pili alitaka kumfurahisha mwanawe siku ya kuzaliwa, nikamshauri baiskeli. Wa tatu alikuwa mama mjane mwenye shamba la mihogo na mahindi lililokuwa likiharibiwa na ngedere, msemaji wa taratibu, aliyesimama mbali na banda bila ya kuambiwa. Wale wawili waliniuliza kuhusu meno ya Haba, yeye aliniuliza, "Amezoea kula nini, babu, na saa ngapi?" Nikajua nimempata.

Hata hivyo hatukufanya pupa. Alikuja mara tatu kumlisha mwenyewe. Mara ya nne tulikwenda naye shambani, Haba akazunguka akanusa, tukarudi. Tuliandikiana karatasi fupi, kwamba hatafungwa mnyororo, atachanjwa kila mwaka, na siku yoyote akishindikana atarudishwa kwangu, si kutupwa. Siku ya kukabidhi nilimpa yule mama cheti cha chanjo, chakula cha wiki moja kile alichokizoea ili tumbo lisibadilike pamoja na nyumba, tandiko lake lisilofuliwa ili apate harufu anayoijua, na kile kikombe cha bati. Usiku ule wa kwanza Haba alilia. Nililetewa habari, na miguu yangu ilitaka kwenda. Nikaizuia, kwa kuwa kumzuru mbwa aliyehama kabla hajatulia ni kuung'oa mche kila siku ili uone kama umeshika mizizi.

Nilikwenda baada ya miezi miwili. Nilipofika penye uzio wa michongoma, Haba alitoka mbio kutoka uvunguni mwa ghala, mnene, manyoya yamejaa, akasimama baina yangu na nyumba akanibwekea kwa sauti ambayo sikupata kuisikia kwake siku zote alizokaa kwangu. Mama akamwita, naye akarudi akakaa miguuni pake, jicho lake likiwa juu yangu. Nilisimama palepale nje ya lango, nimehesabiwa mgeni, nikangoja kukaribishwa.